Majivu Angani na Makaburi ya Matombo

Yapo mambo ambayo mwanadamu huyatenda kwa mahaba, na kwa kuwa ni mahaba watu huona haya kuyadai hoja; na mojawapo ni hili lililozuka Marekani, la kuchoma maiti ya mpenzi, kisha kutia chembe za majivu yake katika kichupa cha madini na kukipakia katika roketi, ili marehemu akae miongoni mwa nyota. Wapo vijana wetu wa Matombo, huku kwenye milima ya Uluguru, hasa waliohamia mijini, wanaolisifu jambo hili kuwa ndiyo daraja ya juu ya kumuenzi mzazi, nami naona ni wajibu kusemezana nao kwa upole.

Kwanza tulitazame lilivyo. Tarehe 21 Aprili 1997 roketi ya Pegasus, iliyofyatuliwa kutoka kwenye ndege karibu na Visiwa vya Kanari, ilichukua majivu ya watu 24, akiwamo Gene Roddenberry, mtunzi mashuhuri wa tamthilia za televisheni. Wakaizunguka dunia miaka mitano, na mwaka 2002 chombo kikaanguka na kuungua hewani, ndiyo kusema marehemu wale walichomwa mara ya pili. Tena kinachopelekwa aghalabu ni gramu chache tu. Majivu mengine hubaki nyumbani. Januari 2024 chombo cha Peregrine, kilichobeba majivu kuyapeleka mwezini, kilivuja mafuta njiani, kikarudi kuungua juu ya Bahari ya Pasifiki; na kabla hakijaruka, Buu Nygren, Rais wa Wanavajo wa Marekani, alikuwa amekwisha kulalamika, maana kwa watu wake mwezi ni kitu kitakatifu kisichofaa kugeuzwa maziara.

Sisemi kuchoma maiti ni uhayawani. Jirani zetu Wahindu wamefanya hivyo tangu kale kwa ibada na adabu. Na Wangari Maathai, aliyefariki Septemba 2011, aliusia asizikwe katika jeneza la mbao, akalazwa katika jeneza la magugumaji, mafunjo na mianzi, akachomwa Nairobi, na wasia wake ukatimia. Mwislamu ameharamishiwa jambo hilo, na Wakatoliki, ambao kwetu Matombo ni wengi tangu misheni ilipojengwa, wameruhusiwa kuchomwa, ila waraka wa Vatikani wa mwaka 2016 umekataza majivu yao yasitawanywe hewani, ardhini wala majini.

Lakini hata tukiiweka dini kando, neno langu lingali palepale: kaburi humdai aliye hai, na majivu ya angani hayamdai mtu kitu. Uluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi aghalabu ni ya ukoo. Hapo makaburini ndipo mtoto anapoonyeshwa kuwa huyu ni bibi, yule ni mjomba aliyempa mama yako shamba la migomba, na ukiyasahau makaburi hayo, jirani naye atalisahau shamba kuwa ni lenu. Wazee wa Matombo walipokataa kulimishwa matuta kwa lazima na serikali ya kikoloni mwaka 1955, hata ikawa ghasia, ardhi waliyoitetea ndiyo hiyo waliyolala wahenga wao. Na siku ya maziko yenyewe, mtani hushuka kaburini akajilaza chali, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka ilhali machozi yanawatoka. Mtani gani atakayejilaza ndani ya roketi?

Nadhani hapo ndipo penye siri ya mvuto wa mambo haya kwa mtu aliye mbali: huko juu hakuna nyasi za kufyeka, wala shangazi wa kumwuliza mbona hukuja arobaini. Mtu hulipa maelfu ya dola mara moja, akawa amemaliza udhia.

Basi ndugu uliye Dar es Salaam, unayekunywa maji ya Ruvu yatokayo katika milima hii hii, kabla hujauliza bei ya safari ya mwezini, mwulize mjomba wako makaburi ya bibi zako yako upande gani wa shamba. Na ukimkuta naye hajui, mtafuteni mzee wa ukoo ambaye angali hai, mwende naye, na panga mkononi.