Tumeyakataa Makaa ya Mawe. Sasa Kijana Afanye Kazi Gani?



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa parokia yetu alinisubiri mlangoni pa sakristia. Ni kijana mwenye adabu, ana cheti cha ufundi wa umeme, na tangu alipokipata cheti hicho ameishi kwa vibarua vya siku moja moja. Aliniambia hivi: "Padre, ninyi viongozi wa dini mlishangilia makaa ya mawe yalipokataliwa kule Lamu. Mimi nilitumaini kuajiriwa kule. Sasa mmetupa nini badala yake?" Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Nimelibeba swali lake juma zima, na leo naliweka mbele yenu, kwa sababu naona linatuhusu sote.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Mwaka 2013 Serikali yetu ilitangaza kwamba katika muda wa miezi 40 itaongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme. Sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa kituo cha makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu, chenye uwezo wa megawati zipatazo 1,000. Makaa yenyewe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi huo, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Rufaa ilikatwa, na mwezi Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupilia mbali. Watu wa Lamu, wavuvi na wazee na akina mama, Waislamu kwa Wakristo, walisimama pamoja mpaka mwisho.

Hata hivyo, bado wapo wanaosema kwamba tulikataa maendeleo. Nimewasikia katika matanga, katika harusi, na hata katika kikao cha baraza la parokia. Wanasema mazingira ni mambo ya Wazungu walioshiba, na kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini imeelekezwa kwa mtu asiyestahili. Tuhesabu basi, tuone ni nani aliyekuwa akiandaliwa shibe.

Mwaka ule wa 2019, Wakenya wote kwa pamoja, pale walipotumia umeme kwa wingi kabisa, hawakufikisha megawati 2,000. Kituo kimoja tu cha Lamu kingekuwa na uwezo wa nusu ya mahitaji hayo. Umeme wa ziada kiasi hicho ungeuzwa kwa nani? Haukuwa na mnunuzi, lakini mkataba ulihakikisha kwamba mlipaji yupo. Taasisi ya utafiti ya IEEFA ilikadiria mwezi Juni 2019 kwamba Wakenya wangelipa dola bilioni 9 kwa miaka 25, hata kama kituo kisingezalisha uniti moja. Deni hilo lingeingia katika tokeni anayonunua mama muuza mahamri na katika bili ya kinyozi. Yule kijana angepata kibarua cha kubeba zege kwa miaka michache ya ujenzi, kisha maisha yake yote angelilipia jengo lile alilolibebea zege.

Tena, wanaohesabu kazi za makaa hawahesabu kazi zilizopo. Mvuvi wa Lamu hana barua ya kuajiriwa, lakini ana kazi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na ujenzi wa bandari ya Lamu. Mahakama imekiri, basi, kwamba bahari ni mahali pa kazi. Mbona mradi unapotangazwa tunasomewa idadi ya vibarua watakaoandikwa, wala hatusomewi idadi ya nyavu zitakazorudi tupu?

Kwa hiyo sijutii hata kidogo kwamba makaa yalikataliwa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha waziwazi kwamba nishati zichafuazo hewa, makaa ya mawe yakiwa ya kwanza, ziachwe hatua kwa hatua bila kucheleweshwa. Mimi ni padre wa Kanisa hilo, na nasimama hapo.

Lakini ndugu zangu, kosa letu ni kwamba tulishinda kesi, tukaimba, tukaenda kulala. Tulidhani kulikataa baya ni sawa na kulileta jema. Tulijua vizuri tusichokitaka, wala hatukuandika popote tunachokitaka. Ndipo neno "kazi" likabaki mikononi mwa watu wa makaa kana kwamba ni mali yao. Na neno hilo, katika nyumba yenye vijana watatu wasio na ajira, lina nguvu kuliko mahubiri yangu yote.

Wengine watanijibu: "Padre, Kenya tayari ina nishati safi." Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15 tu, na leo mvuke wa ardhini unatoa sehemu kubwa ya umeme wetu. Mataifa mengi tajiri yanatuonea wivu. Lakini nishati kuwa safi hakumaanishi kwamba mikono iliyoileta ni safi.

Tazameni kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilizinduliwa mwaka 2019. Ni kazi kubwa, na haki isemwe: barabara ya kilomita 208 ilikarabatiwa kwa sababu ya mradi huo. Lakini umeme wenyewe unasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na ardhi iliyotengwa ni ekari 150,000 za malisho ya wafugaji. Mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria. Kule Olkaria nako, mwaka 2014, jamii za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa mvuke, zikalalamika mpaka kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, hata ikabidi wasuluhishwe. Na kule Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60 ulivunjika kabisa mwaka 2016 kwa sababu ya ugomvi na wenye mashamba. Upepo bado unavuma Kinangop. Kilichokosekana ni mapatano.

Someni tena habari za shamba la Nabothi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa kuahidi fedha, au shamba lingine lililo bora zaidi. Nabothi alipokataa kuutoa urithi wa baba zake, barua ziliandikwa, zikapigwa mhuri wa mfalme, wazee wa mji wakaitishwa, mashahidi wakaletwa. Karatasi zote zilikuwa sawa! Na bado Mungu aliuita wizi na uuaji. Mungu hakumwuliza Ahabu anataka kupanda nini katika shamba lile. Awe na nia ya kupanda mboga, au kusimamisha mitambo ya upepo, shamba lilikuwa la Nabothi.

Kuhusu kazi, wenzetu wamekwisha kutuonyesha njia mbili. Afrika Kusini, kule kule ambako makaa ya Lamu yangechimbwa, kituo cha Komati kilizimwa mwezi Oktoba 2022. Wafanyakazi wa kudumu walihamishiwa vituo vingine, lakini wale wa kandarasi na wafanyabiashara wadogo waliowategemea waliachwa, kwa kuwa kazi mpya hazikuwa tayari siku mitambo iliponyamaza. Ujerumani ilichukua njia nyingine. Mwaka 2007 walikubaliana kwamba uchimbaji wa makaa meusi wa chini ya ardhi utakoma mwaka 2018. Wachimbaji wakapewa miaka 11: waliokuwa na umri mkubwa wakastaafu mapema, vijana wakafunzwa kazi nyingine, na mgodi wa mwisho, wa Bottrop, ukafungwa tarehe 21 Desemba 2018. Mtasema Ujerumani ni tajiri. Ni kweli. Lakini kupanga mapema ni bure hata kwa maskini, na sisi tuna nafuu moja: hatuna migodi ya kufunga. Tunachohitaji ni kumwandaa kijana kabla mkandarasi hajafika.

Kwa hiyo nasema wazi ninachotaka kwa viongozi wetu, na wanaosoma ukurasa huu wanajijua.

Kwanza, ardhi. Tunayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Pasiwe na mkataba wowote wa upepo au jua kabla jamii husika haijasajili ardhi yake na kuketi mezani kama mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Pili, mgao. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inatenga asilimia 5 ya mrabaha wa mvuke wa ardhini kwa jamii ya mahali. Upepo na jua havikuwekewa mgao huo. Kwa nini? Je, jua la Garissa si mali ya asili kama mvuke wa Olkaria? Wabunge wetu walirekebishe hilo.

Tatu, kazi. Sheria hiyo hiyo inamdai mwekezaji mpango wa kuwatumia wafanyakazi na bidhaa za humu nchini. Mpango huo usomwe katika baraza la chifu kwa lugha tunayoielewa: mafundi wangapi, kutoka wapi, watafunzwa katika chuo gani, na watabaki wangapi ujenzi ukiisha. Kazi ambayo haikuandikwa katika mkataba ni maneno ya jukwaani.

Nne, mikataba ya kuuziana umeme iwekwe wazi kabla ya kutiwa sahihi. Anayelipa ana haki ya kusoma.

Sasa nimalize na boriti iliyo jichoni mwangu. Mnajua kwamba mwaka juzi tuliiacha jenereta ya dizeli iliyokuwa nyuma ya kanisa, tukaweka paneli za sola. Mlichanga kwa ukarimu, nami nilijisifu sana altareni. Lakini nilimwita mkandarasi wa mjini, naye akaja na mafundi wake, wakamaliza kwa siku nne, wakaondoka. Sikuuliza kama parokia yetu ina fundi. Yule kijana wa sakristia alikuwa pale siku hizo, akikata nyasi za uwanja, akiwatazama wageni wakipanda paa la kanisa alimobatizwa. Alinikumbusha hilo Jumapili, kwa upole, nami niliona aibu. Ninaisema serikali, ninawasema wawekezaji, na kosa lile lile nililitenda mimi kwa sadaka zenu.

Basi nimeiagiza Kamati ya Haki na Amani, kupitia jumuiya ndogo ndogo, iorodheshe vijana wetu wote wenye vyeti vya umeme, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Kufunga sola kisheria kunahitaji leseni ya EPRA, na wengi hawana, ama kwa kutojua, ama kwa kukosa karo ya mafunzo. Sehemu ya fedha tuliyokuwa tukiinunulia dizeli kila mwezi itawasaidia hao kuipata. Na shule yetu ya msingi itakapowekewa sola, kandarasi itataja kwamba vijana wa hapa watafanya kazi hiyo chini ya fundi mwenye leseni. Ni jambo dogo. Lakini hatuwezi kumdai mwekezaji wa mabilioni jambo tunaloshindwa kulitenda wenyewe juu ya paa letu.

Kwako kijana uliyeniuliza: swali lako lilikuwa la haki, na jibu langu limechelewa. Tuliyakataa makaa kwa ajili yako pia, lakini tulikuacha mlangoni. Njoo Jumatano jioni ofisini, uje na cheti chako.

Nawatakia juma jema. Mungu awabariki nyote.

Ni mimi Padre wenu.