Dizaina, wacha kulia ati hausikizwi

Kila wiki lazima nikutane na dizaina anayelia. "Bosi haelewi dizaini." "Kazi inanifikia ikiwa imeshaamuliwa, mimi ni wa kupaka rangi tu." "Ati logo iwe kubwa kidogo." Pole sana. Hata mimi nimelia hivyo miaka miwili mizima, na kitu pekee kilichobadilika ni ukubwa wa logo.

Wacha niseme kitu hamtapenda: mara nyingi hatusikizwi kwa sababu tunachosema hakimsaidii mtu mwingine yeyote mle ofisini. Tunaingia mkutanoni na fonti, na rangi, na vile kampuni fulani ya Marekani imefanya. Mtu wa uhasibu ameketi hapo anawaza mishahara ya mwisho wa mwezi. Umempatia nini? Ladha yako. Na bosi pia ana ladha yake, na yeye ndiye anakulipa. Hapo unajua nani atashinda.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa apu ya kuweka akiba. Watu walikuwa wanaanza kujisajili, wakifika kwa picha ya kitambulisho wanaacha. Nikatengeneza slaidi 32. Thelathini na mbili, manze! Bosi alitazama sita, halafu akauliza kama naweza kumaliza lile bango la Krismasi.

Kilichoniokoa ni intaneti kupotea kwa ghorofa yetu. Nikahamia chini, nikaketi karibu na dada anayepokea simu za wateja. Siku nzima anarudia sentensi moja: "Mama, geuza kitambulisho, piga na upande wa nyuma." Skrini yangu, ile niliyoringa nayo, ilikuwa inaonyesha maandishi mekundu kwamba kuna hitilafu, basi. Hakuna mahali ilimwambia mtu ageuze kitu.

Nilikaa pale siku tatu na daftari, nikipiga mstari kwa kila simu ya aina hiyo. Safari hii sikupeleka slaidi. Nilimwomba bosi nusu saa, nikamketisha pale, nikamvisha hedifoni. Baada ya simu ya pili alizitoa akauliza, "Kwani hii kitu nani alitengeneza?" Ni mimi, bosi. Karatasi niliyompa ilikuwa na hesabu ya simu, na dakika ambazo mtu analipwa kusema "geuza". Skrini ilibadilishwa wiki hiyo hiyo, na tangu hapo nikaanza kuitwa mapema, kabla mambo hayajaamuliwa.

Sasa aibu yangu. Kwa ile karatasi niliandika jina moja, langu. Yule dada aliniambia polepole tukinywa chai, "Kijana wangu, hiyo nimeandika kwa ripoti tangu Januari." Hakuna mtu alikuwa anasoma ripoti zake. Mimi nikapata sifa, yeye akapata simu chache. Ukifanya hivi, weka jina la aliyekuwa anajua. Kwanza ni haki yake, pili ndiye atakayekuambia tatizo linalofuata.

Mtasema hayo ni ya ofisi ndogo. Sawa, angalieni M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka wa 2005, Nairobi na Thika, ilikuwa njia ya wateja wa Faulu kulipa mikopo midogo kwa simu. Wateja wenyewe hawakufika 500. Lakini watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana pesa, kuweka pesa kabla ya safari na kuitoa wakifika. Susie Lonie, aliyetumwa na Vodafone kuendesha majaribio hayo, na wenzake wangeweza kusema wateja wanaitumia vibaya. Walitazama, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya kitu kimoja, kutuma pesa nyumbani. Mikopo ikasukumwa kando. Na menyu yake? Orodha ya maandishi kwa simu ya mulika mwizi. Hakuna mtu angeipa nyota Behance.

Najua kuna anayeniuliza, "Na mimi intani ninayelipwa nauli tu, nitamketisha bosi wapi?" Swali ni la haki. Kuna ofisi hata ulete ushahidi gani watakutuma chai, na hapo hesabu ya kufanya ni ya kuondoka. Lakini kusikiliza simu za wateja hakuhitaji cheo. Ila "hiyo si kazi yangu, niliajiriwa kuchora" siikubali kabisa. Ukichora tu, utachora chochote.

Na hapa ndipo hasira yangu inatoka. Mnakumbuka zile apu za mikopo zilizokuwa zinasoma kontakti zako, ukichelewa kulipa shangazi yako na bosi wako wanapigiwa simu? Ile skrini ya kuomba ruhusa ilichorwa na mtu. Alichagua rangi ya kitufe cha kukubali, akakiweka pale kidole kinafika haraka. Ilibidi tungoje hadi 2022 ndipo kanuni za Benki Kuu ya Kenya zikakataza wakopeshaji wa apu kuaibisha watu hivyo. Huyo dizaina pengine aliona vibaya. Pengine hata alilalamika kwa grupu ya WhatsApp, sisi tukamtumia emoji ya pole, na Jumatatu akaenda akamalizia kile kitufe.