Jiwe la gua sha liuzwe kwa jina lake

Mafundi wa Xiuyan, mkoani Liaoning, China, hawana sababu ya kuona haya kwa jiwe lao. Jiwe linalochimbwa huko kwa wingi ni sepentini, laini kuliko nefraiti, jedi ngumu isiyokwaruzwa na kisu cha kawaida. Tatizo ni wachuuzi. Kwao kila jiwe la kijani ni jedi, na bei ni ya jedi.

Udanganyifu huo hauna maana. Katika tiba ya gua sha ngozi hupakwa mafuta, kisha hukwanguliwa mpaka iwe nyekundu. Kazi hiyo imefanywa hata kwa sarafu, kijiko cha kaure na pembe ya nyati. Kinachopima kifaa ni ukingo wake. Fundi hukata bapa la jiwe, akalisugua kwa msasa na maji (vumbi kavu huua mapafu), kutoka msasa mkwaruzo hadi ule laini kabisa. Hapo ndipo muda wake unapokwenda. Akiharakisha, ukingo hubaki na kimeno, na mteja huchubuka.

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayefuata bidhaa Guangzhou aulize jina la jiwe, kisha apitishe ukingo mkononi mwake kabla ya kulipa.