Mwenye Mtoto Ndiye Mwenye Kazi

Iko kauli moja niliyochoka kuisikia. Husemwa na mwanamume mtu mzima, barazani, huku akisogeza kete za bao: "Mke wangu mpya ameshindwa kabisa kumlea yule binti yangu." Wenziwe huguna kwa huruma, na mmoja wao huongeza kwamba mama wa kambo ni mama wa kambo tu. Kisha mchezo huendelea. Nathubutu kusema kwamba kauli hiyo ni ya mtoro. Anayeisema ameikimbia kazi yake, akamwachia mgeni, na sasa amekuja barazani kumsengenya huyo mgeni kwa kuwa kazi imemwelemea.

Tuchukue mfano ulio wa kawaida, ambao kila msomaji ataujua ingawa majina yatakuwa tofauti. Wazazi wameachana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba heri yake ni kukaa na mama yake. Basi binti hukaa kwa mama, miaka hupita, na akiwa na umri wa miaka tisa au kumi baba huja kumchukua. Sheria hiyo hiyo inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kujieleza. Lakini wengi wetu hatufiki mahakamani. Mambo humalizwa na wazee sebuleni, na mtoto huambiwa tu afunge nguo zake. Akifika kwa baba anamkuta mwanamke asiyemjua, na pengine kichanga kinachobebwa siku nzima.

Miezi ya kwanza huwa mpole. Akishafika miaka kumi na moja, vituko huanza. Akiambiwa aoshe vyombo, hububujikwa na machozi kana kwamba amefiwa. Husukuma sahani mpaka ivunjike. Husus chakula, kisha akaenda kwa jirani kusema hajala tangu jana. Hubamiza mlango mpaka chokaa idondoke. Wageni wakija hujilaza sakafuni na kusema anaumwa. Na siku ikiwa mbaya sana hutoa lile neno lenye makali kuliko yote: "Wewe si mama yangu!"

Nyumbani vituko hivyo hupewa majina haraka. Ni jeuri. Ni kudeka. Ametumwa na mama yake. Ana mapepo, aombewe. Mimi niliyekaa na watoto wa umri huo kwa miaka mingi darasani, na baadaye katika ofisi ya mwalimu mkuu, nasema majina hayo ni uvivu wa kufikiri. Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na mbili yumo katika mageuzi makubwa. Mwili unaanza kubadilika, hasira na huzuni humjia kwa kishindo, na akili yake imekwisha kukua kiasi cha kuelewa kwamba nyumba ya wazazi wake imevunjika na haitarudi. Juu ya hayo ana mzigo ambao hawezi kuutaja: akimpenda huyu mama mpya, anajiona anamsaliti yule aliyemzaa. Akicheka mezani, usiku hujilaumu. Basi hutafuta ugomvi, maana ugomvi humtua mzigo ule kwa muda.

Mbona hamgombezi baba, ambaye ndiye aliyemhamisha? Kwa sababu anamwogopa kumpoteza. Amekwisha kumkosa mzazi mmoja, hathubutu kumchezea wa pili. Hasira zote humwangukia aliye karibu, anayempikia na kumfulia. Mwanamke yule hupigwa kwa fimbo iliyokatwa na mwingine.

Na tazameni ushauri anaopewa. Mawifi humwambia, "Usimguse, si wako, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi." Majirani nao humwambia, "Mchape, samaki mkunje angali mbichi." Akinyamaza, husemwa kwamba hamjali mtoto wa mwenzake. Akichapa, husemwa ndivyo walivyo, kama katika zile hadithi tulizosimuliwa sote utotoni, ambamo mama wa kambo hajapata kuwa mwema hata mara moja. Fimbo nayo haina la kufundisha hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto. Lakini hata bila sheria, mtoto anayeamini kwamba hatakiwi katika nyumba hii, ukimpiga umempa ushahidi.

Wengine huja na dawa yao: apelekwe kwa bibi yake kijijini, au bweni. Mwaka 2023 serikali yetu ilifuta huduma ya bweni kwa watoto wa darasa la awali hadi la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hoja kwamba watoto wadogo wanahitaji kulelewa na familia zao. Naiunga mkono hatua hiyo. Lakini wako wazazi waliosikia neno moja tu, kwamba darasa la tano linaruhusiwa. Sisemi kila bweni ni baya, wala bibi si mlezi. Nasema kwamba mtoto anayepelekwa huko kwa sababu ya vituko vyake hujifunza somo moja, nalo ni kwamba aliyoyahofu yalikuwa kweli. Vituko havitaishia njiani. Atavipakia pamoja na godoro.

Nitajibiwa kwamba zamani watu walilelewa na mama wadogo watatu na hawakuvunja sahani. Ni kweli, lakini zamani mtoto aliyekasirika alikuwa na pa kukimbilia katika ua ule ule: kwa bibi, kwa shangazi, kwa mke wa baba mkubwa. Leo tumempangia vyumba viwili mjini, ndani yake mna mwanamke mmoja aliyechoka na redio. Nitajibiwa pia kwamba baba yuko kazini akitafuta ada. Naam. Lakini anayepata saa mbili za bao hakosi nusu saa ya binti yake.

Basi afanye nini? Kwanza, sheria za nyumba azitangaze yeye, kwa mdomo wake, mke akiwa ameketi kando yake: vyombo huoshwa na nani, saa ya kulala ni ipi, matusi hayakubaliwi. Mtoto asikie kwamba mama huyu akisema, amesema kwa idhini ya baba. Pili, mtoto asilazimishwe kuita "mama". Lugha yetu imetupa "mama mdogo", jina lenye heshima ambalo halimpokonyi mama mzazi kiti chake. Tatu, mama mzazi asitukanwe ndani ya nyumba hiyo, na binti aende kumwona kwa siku zinazojulikana, si kwa kubahatisha.

Kituko chenyewe kikitokea, kisigeuzwe ngoma. Usibishane na mtoto anayepiga kelele, mwache atulie. Akisusa, chakula chake kifunikwe na kuwekwa kando, asibembelezwe wala asitishwe. Akitulia aokote vigae vya sahani aliyovunja na kufagia. Usimsimulie kwa jirani akisikia, wala usimcheke. Na kila juma baba atoke naye peke yake, hata kama ni kwenda sokoni kununua mchicha, amsikilize bila kumhoji.

Ila tusichanganye mambo. Mtoto anayesema anataka kufa, anayejiumiza, aliyeanza tena kukojoa kitandani, au anayemkwepa mtu mzima fulani kwa hofu, huyo hafanyi vituko. Huenda anadhuriwa. Hapo aende mtu kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au apige 116, namba ya kusaidia watoto, siku hiyo hiyo.

Haya niliyoyasema juu ya baba yanamhusu pia mama aliyeingia na mwanawe katika nyumba ya mume mpya, kisha akamwambia mume, "Mnyooshe wewe, mimi ananizoea." Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakusema kazi hiyo ikabidhiwe kwa aliyeolewa mwaka jana. Mgeni anaweza kusaidia, na wengi wao husaidia kwa moyo kuliko tunavyowashukuru, lakini hawezi kutangulia.

Ndugu yangu wa barazani, jua halijazama. Acha kete hizo, urudi nyumbani kabla sahani ya leo haijavunjika.