Kuwakabili majangili ana kwa ana ni hatari

Serikali ilipotuma wanajeshi Baringo, jirani ya Nakuru, mnamo Februari 2023 kuwasaidia polisi dhidi ya majangili, wengi walikumbuka Suguta. Katika bonde hilo la Samburu, Novemba 2012, zaidi ya polisi 40, baadhi yao wapya kazini, waliuawa walipokwenda kurejesha mifugo iliyoibwa. Waliowavizia ndio waliochagua mahali na saa. Anayepanda jabali mchana humpa adui shabaha.

Mau Mau walilijua hilo. Machi 26, 1953, walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha usiku, kwa ghafla, wakatwaa bunduki na kuwafungua wafungwa zaidi ya 150. Baringo hakuna lango la kuvunja. Kuna makorongo na mapango, na wanaozijua njia zake ni majangili wenyewe.