Umelipa Ngiri Kumi na Nane na Dogi Bado Akadedi: Kwa Nini Wewe na Vet Hamuelewani

Leo hatuongelei nani ameachana na nani. Leo ni kuhusu dogi wako, na ile bili ilikufanya uite daktari mwizi.

Kama unafuga mbwa ama paka hapa Nairobi, hii stori unaijua. Mnyama anaanza kutapika Ijumaa usiku, wakati kila mahali pamefungwa. Unamfunga na leso, unaita boda, unafika kliniki umeloa jasho. Daktari anamshika tumbo, anampima, anakwambia ni parvo. Halafu anataja bei. Hapo ndipo mnaanza kuangaliana vibaya.

Mimi ilinipata. Kadogi kangu kaliitwa Bosco, kalikuwa na miezi mitatu, nilikanunua kando ya barabara kakiwa na kadi ya chanjo imejazwa vizuri sana. Ijumaa nililipa 7,400: kumwona daktari, kipimo, na usiku wa kwanza. Jumamosi 5,400. Jumapili 5,400 tena. Jumla 18,200, na Fuliza ilikuwa imefika mwisho. Jumapili jioni nikaambiwa Bosco anahitaji siku mbili ama tatu zaidi. Nikauliza, "Daktari, si ulisema hii kitu haina dawa?" Akasema, "Haina dawa ya kuua kirusi. Tunamsaidia apigane mwenyewe." Mimi nikasikia: nimechezwa. Nikalipa, nikambeba Bosco, nikaenda naye keja.

Nitakwambia kilichotokea, lakini kwanza tuelewane kuhusu hii vita, juu iko kila mtaa na pande zote mbili ziko na point.

Bei inatoka wapi?

Wewe ukiugua, kuna mtu mwingine anaingia katikati. Kuna SHA, kuna bima ya kazini, kuna hospitali ya kaunti yenye serikali inalipia mishahara. Hata ukilalamika, mara nyingi hujawahi kuona bei kamili ya kulazwa kwako. Dogi hana SHA. Kila gloves, kila sindano, kila saa ya mtu kukesha na yeye inatoka kwa mfuko wako moja kwa moja. Kwa hivyo inaonekana daktari wa mbwa ni ghali kuliko wa binadamu, kumbe ni mara ya kwanza umeona bei bila mtu wa kukupunguzia.

Ongeza kwamba chanjo na dawa nyingi za mbwa na paka zinatoka nje ya nchi. Chanjo lazima ikae kwa baridi ya kati ya digrii 2 na 8 kutoka kiwandani mpaka kwa mgongo wa dogi wako. Stima ikipotea na friji ikazima, hiyo ni hasara ya mwenye kliniki. Rent haijali.

Sasa parvo yenyewe. Hii kirusi ilijitokeza duniani kwa mbwa mwaka wa 1978, na mpaka leo matibabu ya kawaida ni kumweka mgonjwa hai mpaka mwili wake umalize vita. Kirusi inakula ngozi ya ndani ya matumbo na kuangusha chembe nyeupe za damu. Dogi anatapika, anahara damu, maji yanaisha mwilini. Anachohitaji ni kuwekewa maji, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki za kuzuia bakteria wanaotoka tumboni kuingia kwa damu, na chakula kidogo kidogo. Bila kutibiwa, wengi wanadedi. Wakitibiwa vizuri na mapema, wengi wanapona.

Umeona shida iko wapi? Kwa parvo hununui dawa, unanunua siku. Lakini sisi tumezoea kulipia dawa. Mtu akikwambia "haina dawa" halafu "leta elfu tano kila siku", akili ya mtu wa Nairobi inasema moja tu: con. Daktari ameongea ukweli mara mbili na wewe umesikia uongo mara mbili.

"Kwanza alisema minyoo, saa hii anasema parvo"

Hii ndiyo lalamiko ya pili kwa ukubwa. Ulienda Jumatano ukaambiwa minyoo, ukarudi Ijumaa ukaambiwa kitu ingine, na ukalipa mara mbili.

Cheki, mnyama haongei. Mtoto wa mbwa akitapika na kuhara, inaweza kuwa parvo, minyoo, sumu ya panya, ama amemeza mfupa ukakwama. Siku ya kwanza zote zinafanana. Hata kipimo cha haraka cha parvo kinaweza kusema hana na kumbe anayo, juu kuna wakati kirusi ni kidogo kwa mavi. Magonjwa ya kupe ni hivyo hivyo: homa, hataki kula, amelegea, ufizi umepauka. Daktari mzuri anaweza kukosea siku ya kwanza na bado awe daktari mzuri.

Lakini tusidanganyane. Kuna wale hawamgusi mnyama, hawapimi hata joto, wanadunga sindano tatu na kuitisha pesa. Na kuna wale si madaktari kabisa. Kwa sheria ya Kenya ya 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, daktari kamili ni mwenye digrii, ile ya miaka mitano kama wanayosomea pale Kabete, na awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB. Wenye diploma na cheti pia wanasajiliwa, na wanafanya kazi ya maana, lakini kazi yao ina mipaka. Yule jamaa wa pikipiki anayechanja estate nzima Jumamosi anaweza kuwa mmoja wao, ama asiwe mtu yeyote. Muulize namba yake ya usajili. Si madharau. Mtu ambaye ako nayo atakupea bila kukunja uso.

"Alimdunga chanjo Jumamosi, Jumanne akaugua"

Hii ndiyo imevunja urafiki mingi zaidi. Hesabu ni hii: kutoka dogi kushika parvo mpaka kuanza kutapika inachukua kama siku tatu mpaka saba, wakati mwingine wiki mbili. Kwa hivyo aliyeugua Jumanne pengine alikuwa ameishika kabla ya Jumamosi, pale ulipomnunua, ama kwa mchanga wa compound yenu ambapo kirusi inaweza kuishi miezi mingi. Chanjo ilifika kama imechelewa.

Tena chanjo moja haitoshi. Kinga aliyopata kwa maziwa ya mama inaweza kuzima chanjo ya kwanza, ndiyo maana wanaanza wiki ya 6 mpaka 8, wanarudia kila baada ya wiki chache mpaka wiki ya 16. Bosco alikuwa na kadi, na kadi ilikuwa na stika moja. Mimi niliona stika nikadhani ni bima.

Usifikiri ni sisi tu

Huko Uingereza, ambako wengi wanakatia mbwa bima, watu walilalamika mpaka mamlaka ya ushindani wa biashara, CMA, ikaanza kuchunguza mavet mwaka wa 2023. Ilipoitisha maoni, yalikuja kama 56,000. Walichoona: kampuni kubwa zilikuwa zimenunua kliniki nyingi, kutoka kama asilimia 10 mwaka wa 2013 mpaka karibu asilimia 60, na bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 60 kati ya 2015 na 2023. Kliniki nyingi hazikuwa zinaonyesha bei mtandaoni. Oktoba 2025 CMA ikapendekeza kliniki zianike bei na zitoe makadirio ya maandishi kwa matibabu ghali.

Hapa kwetu kliniki nyingi ni za daktari mmoja na msaidizi wake, si makampuni. Lakini ile sehemu ya bei kutosemwa mapema tunafanana.

Na upande wa vet pia uko na machungu. Kuna wasee wanaacha mbwa amelazwa na kuzima simu. Kuna wale wanaleta mnyama siku ya tano, baada ya kumpea maziwa, mkaa na antibiotiki za kuku za agrovet, halafu akidedi ni daktari ameua. Tafiti za Uingereza na Marekani zimeonyesha mavet wanajiua kwa kiwango cha juu kuliko watu wa kawaida. Matusi unayoandika usiku kuna mtu anayasoma asubuhi.

Form ni gani sasa?

Kwanza, taja pesa zako mapema. Najua ni aibu. Sema, "Daktari, niko na elfu kumi. Tufanye nini na elfu kumi?" Kuna njia za katikati. Chuo Kikuu cha Colorado State huko Marekani walijaribu na mbwa 40 wa parvo: wote waliwekewa maji kwanza kliniki, kisha 20 wakalazwa kabisa na 20 wakatibiwa kwa mpango wa bei nafuu, maji ya chini ya ngozi, dawa ya kutapika ya mara moja kwa siku na antibiotiki moja ya kudumu. Waliolazwa walipona 18. Wa bei nafuu walipona 16. Si sawa, na wale 16 walikuwa wanaangaliwa mara kadhaa kwa siku na watu wanaojua. Lakini ni mbali sana na sifuri.

Pili, itisha makadirio kwa maandishi, hata kwa WhatsApp. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema kama mkataba una makadirio, hawafai kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake. Mambo yakibadilika, mnaongea upya na kukubaliana upya.

Tatu, kwa kila kipimo uliza: "Jibu likitoka, matibabu yatabadilika?" Kama hayatabadilika, uliza kama kinaweza kungoja.

Nne, ukitaka daktari wa pili, itisha rekodi na majibu ya vipimo uende nayo, usilipie mara mbili.

Tano, usimtibu na dawa zako. Panadol inaua paka. Brufen inaweza kuharibu tumbo na figo za mbwa. Hiyo "nilijaribu kusave" inaweza kukucost mnyama.

Na kama umefanyiwa ubaya kweli, usiishie kwa kelele za mtandaoni. KVB inapokea malalamiko kuhusu mwenendo wa madaktari waliosajiliwa. Kama ni pesa, Mahakama ya Madai Madogo inashughulikia kesi za mpaka shilingi milioni moja, na sheria inataka zimalizwe kwa siku 60. Beba risiti, meseji na rekodi. Hasira peke yake hakimu hataiandika popote.

Turudi kwa Bosco

Alidedi Jumanne alfajiri, kwa mkeka karibu na mlango. Jumatatu alikuwa amekunywa maji kidogo, nikapigia brathe simu kumwambia nilikuwa right.

Wiki mbili baadaye nilirudi kliniki kuchukua kola yake. Nilikuwa nimejipanga kuwaka. Daktari akanipea kola, akanipa pole, akaniuliza ulikuwa na pesa ngapi ile Ijumaa. Nikamwambia ukweli, kama elfu kumi na nane, na za kukopa zikiwa ndani. Akasema, "Ungeniambia Ijumaa ningeipanga hiyo kumi na nane iende siku saba. Mimi niliona umelipa bila kuuliza, nikajua uko sawa."

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba yeye pia hakuniuliza. Siku tatu tulisimama na yeye pande mbili za meza moja, mbwa akiwa katikati, na hakuna mtu alitaja namba mpaka zikaisha.

Sijui kama Bosco angepona, na yeye hakuniambia angepona. Lakini kabla nitoke aliniambia nimwage Jik iliyochanganywa na maji kwa sakafu yote, na nisilete mbwa mwingine hapo bila chanjo zote kuisha. Hiyo hakunitoza.

Kwa hivyo wewe uliye na kadogi kapya kwa nyumba, cheki ile kadi leo usiku. Hesabu stika.