Skrini isiyojua kwamba ziwa limefungwa

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Congo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hapa Kirando, wilayani Nkasi, mitumbwi ilivutwa ikalazwa mchangani, injini zikafunguliwa zikabebwa majumbani. Katika miezi hiyo niliona fomu moja ya mtandaoni ya takwimu za samaki ikijazwa sifuri kila siku ya kazi. Dagaa sifuri, migebuka sifuri, kuhe sifuri.

Aliyekuwa akijaza ni kijana mwaminifu na mwenye hati nzuri, anayeheshimika mwaloni. Skrini ilikataa kutumwa nafasi ikiwa wazi, na hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba ziwa limefungwa. Kitufe cha kutuma kilibaki kijivu mpaka aandike namba, naye akaandika namba pekee iliyokuwa karibu na ukweli.

Sifuri hiyo si jambo dogo. Mtumbwi uliokesha ziwani ukarudi mtupu ni habari moja. Mtumbwi ambao haukutoka kabisa kwa sababu serikali imesema usitoke ni habari nyingine. Mtafiti atakayefungua takwimu hizo miaka kumi ijayo, akiwa Dar es Salaam au Kigoma, ataona robo ya mwaka ambayo Kirando ilivua na kukosa, na anaweza kuandika kwamba samaki walikwisha. Kisha watu watapangiwa sheria kutokana na samaki waliokwisha kwenye skrini tu.

Nimezaliwa Kirando. Kazi yangu kwa sasa ni kutengeneza fomu za mtandaoni nikiwa Sumbawanga mjini, na kila ninaposhuka kutoka nyanda za juu za Ufipa kuja ziwani huwa naangalia jinsi watu wa nyumbani wanavyohangaika na skrini zilizotengenezwa mbali nao. Nina jambo moja la kusema kuhusu skrini hizi, na nalisema kwa madiwani, kwa maafisa wa TEHAMA na kwa yeyote anayetumia fedha za umma kununua mfumo: acheni kununua skrini. Nunueni modeli, kisha skrini ichorwe kutoka humo.

Nieleze ninachokusudia. Skrini nyingi tunazoletewa zimechorwa kwa mkono, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Mtaalamu anaweka kisanduku hapa, kitufe pale, na kanuni ya kwamba nafasi isiachwe wazi anaificha katikati ya mistari ya msimbo ambayo yeye peke yake anajua ilipo. Kitu kikibadilika mwaloni, lazima arudi yeye. Nilipouliza kama ile fomu ya samaki ingeweza kuongezwa chaguo moja la "ziwa limefungwa", jibu lilikuwa kwamba kurasa kadhaa zingelazimika kuandikwa upya na fedha za kazi hiyo hazikuwepo. Kufikia Agosti ziwa likafunguliwa, na fomu ikabaki vilevile.

Modeli ni maelezo ya kazi yenyewe, yaliyoandikwa kabla ya kuchora chochote. Humo inasemwa kuna vitu gani: chombo, zana ya kuvulia, safari, aina ya samaki, kipimo. Inasemwa kitu gani ni cha nani: safari ni ya chombo kimoja, na safari moja huleta aina nyingi za samaki. Majibu yanayokubalika yameorodheshwa, pamoja na swali linalotangulia na swali lisilopaswa kuonekana mpaka lile la kwanza limejibiwa namna fulani. Programu huisoma modeli hiyo na kuchora skrini yenyewe, ya kompyuta kwa namna yake na ya simu kwa namna yake. Fundi cherehani mzuri hufanya kazi hivyo: akishachukua vipimo vyako vizuri, anaweza kukushonea suruali leo na koti mwakani, na ukinenepa anabadilisha vipimo.

Hakuna ugeni katika wazo hili. Mwaka 1979 Mnorwe Trygve Reenskaug, akiwa mgeni kwenye maabara ya Xerox huko California, aliandika kwamba maelezo ya kitu yatenganishwe na namna kinavyoonyeshwa kwa mtumiaji. Baadaye alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Oslo. Karibu mwaka 2000 wataalamu wa chuo cha Politecnico di Milano nchini Italia walitengeneza lugha ya michoro, WebML, ya kueleza kurasa za mtandaoni na jinsi mtu anavyohama kutoka moja kwenda nyingine, na kutokana nayo ikazaliwa IFML iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2013. Yote hayo yangeweza kubaki vyuoni. Lakini yalikwishafika kwetu, na wengi wetu tumeyatumia bila kuambiwa.

Kumbuka sensa ya 2022. Karani alikuja na kishikwambi, akauliza, akabonyeza, na kishikwambi kikaamua swali linalofuata. Mwanaume hakuulizwa amejifungua watoto wangapi. Maswali ya aina hiyo, pamoja na masharti yake, hupangwa kwanza kama dodoso lenye kanuni, kisha kifaa huonyesha kinachostahili. Karani hakuhitaji kukariri maswali ya kuruka, kwa kuwa kanuni ilikuwa imeshayashughulikia.

Wengi wa wanaokusanya takwimu vijijini wanaijua pia ODK, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Fomu yake unaweza kuiandika kwenye jedwali la kawaida la Excel. Kila mstari ni swali: safu moja ina aina ya jibu, nyingine jina, nyingine maneno atakayoyasoma mtu, nyingine sharti la kuonekana. Unalipakia jedwali, na simu inachora skrini. Ukishapakua fomu unaweza kuijaza bila mtandao, na kwetu huku, ambako mtandao huondoka mchana kutwa bila kuaga, hilo ndilo linaloamua kama kazi itafanyika au haitafanyika. Chaguo la "ziwa limefungwa" lingechukua mistari miwili ya jedwali hilo. Afisa uvuvi anayejua Excel angeweza kuiandika kabla ya chai ya saa nne.

Mfano mkubwa kuliko yote uko katika afya. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, unatumika katika nchi zaidi ya 70. Kenya iliufikisha nchi nzima mwaka 2011, nasi Tanzania tukafika huko mwaka 2013. Muuguzi wa kituo cha afya bado huandika katika vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 6 kwa wajawazito, namba 12 kwa wanaojifungua, na jumla ya mwezi huingizwa kwenye DHIS2. Mfumo huu haukuja na skrini ya wajawazito iliyochorwa tayari. Ulikuja na uwezo wa kuambiwa: kipengele hiki ni idadi ya wajawazito waliohudhuria mara ya kwanza, kinagawanyika kwa umri, kinatolewa kila mwezi, hakiwezi kuwa chini ya sifuri. Skrini hutokana na maelezo hayo, na majina ya vipengele yanaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili mahali pamoja yakabadilika kila yanapotokea.

Kuna jambo moja ndani ya DHIS2 ambalo kila anayenunua mfumo anapaswa kulijua. Kila kipengele kina alama ya kuchagua kama sifuri ihifadhiwe au isihifadhiwe. Anayejenga mfumo anapaswa kukaa na kufikiri: kwa jambo hili, je, sifuri ina maana? Kwa vifo vya wajawazito ina maana kubwa sana. Kwa mambo mengine ni nafasi tupu tu. Swali ambalo ile fomu ya samaki haikuwahi kuulizwa, hapa limewekwa mezani, linaonekana, na mtu mwingine anaweza kulihoji.

Hata hivyo katika afya pia mkono wa kuchora haukukaa mbali. DHIS2 inaruhusu fomu iliyochorwa kwa mkono ifanane na karatasi, na sehemu nyingi zimeipenda kwa sababu anayeingiza takwimu anaona jedwali lilelile alilolizoea. Naelewa mvuto wake. Lakini fomu hiyo ya mkono haionekani kwenye programu ya DHIS2 ya simu za Android, kwa kuwa programu ile huchora kutoka kwenye modeli tu. Kazi ya wiki nyingi ya kunyoosha mistari ya jedwali inaishia kwenye kompyuta ya ofisini, na muuguzi aliye zahanati isiyo na kompyuta hapati chochote kutokana nayo.

Wachoraji wa skrini wana hoja yao, nami naiheshimu. Wanasema skrini zinazochorwa na programu ni mbaya, ndefu, zinafanana zote, na zinamchosha mtu. Mara nyingi ni kweli. Nimeona fomu ya namna hiyo yenye maswali yamepangwa kama magunia stoo. Ila ubovu huo unatokana na modeli iliyoishia nusu: imeeleza vitu ikasahau kazi.

Twende mwaloni alfajiri, giza la mwezi, siku ya dagaa. Mitumbwi inaingia taa zikiwa bado zinawaka. Kabla haijagusa mchanga, kina mama wameshaingia majini mpaka kiunoni na mabeseni. Bei inapangwa kwa sauti. Ndani ya muda mfupi sana dagaa wameshagawanywa, wengine wanaelekea kwenye vichanja vya kukaushia, wengine kwenye gari la kwenda mjini Namanyere. Fomu ya mkusanya takwimu inaanza na jina la mmiliki, namba ya usajili, urefu wa chombo, nguvu ya injini, idadi ya wavuvi, aina ya wavu, ukubwa wa tundu la wavu, ndipo ifike kwenye samaki. Akifika kwenye samaki, samaki hawapo. Anauliza, anapewa makadirio, anaandika. Mtumbwi wenyewe hauendi popote, urefu wake utakuwa uleule saa tano asubuhi. Modeli iliyojua kazi ingesema samaki kwanza, chombo baadaye, na chombo kilichokwisha kusajiliwa kisiulizwe tena urefu wake kila siku.

Mpangilio huo ni sehemu ya modeli kama ilivyo orodha ya samaki, na wataalamu wamekuwa na michoro ya kazi ya namna hiyo tangu miaka ya 1990. Anayekuletea modeli isiyo na mpangilio wa kazi hajamaliza kazi aliyolipwa.

Swali linalobaki ni nani aiandike. Nilikaa kando ya kichanja na mama mmoja mchuuzi wa dagaa, nikamwonyesha fomu kwenye simu yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akavuta simu karibu na macho, akasoma polepole.

"Mwanangu, hapa wameandika kilo. Kilo ya nini?"

"Ya dagaa, mama. Wabichi."

"Mbichi hapimwi kilo. Mbichi ni ndoo. Na ndoo ya kwetu inajazwa mpaka kilima, si mpaka mdomoni. Mkavu ndiyo utamwona kwenye mizani, au kwenye sado."

Kwa dakika chache alikuwa amenipa vipimo vitatu, hali mbili za dagaa, na sharti linalounganisha hali na kipimo. Hilo ni tawi zima la modeli, tena sahihi kuliko lililokuwemo. Ukimwuliza mtu kilo za kitu ambacho hakipimwi kwa kilo utapata kisio, na makisio ya mwalo mmoja yakijumlishwa na ya mialo mingine yanakuwa takwimu za taifa. Mama huyu hajui msimbo na hahitaji kuujua. Jedwali lenye safu za swali, jibu na sharti, likiandikwa kwa Kiswahili, angelisoma na kulisahihisha, na kikundi cha BMU, yaani cha kusimamia uvuvi mwaloni, kingeweza kulipitia katika kikao chake cha kawaida. Msimbo wa ukurasa uliochorwa kwa mkono hakuna anayeweza kuupitisha kikaoni.

Halmashauri zetu huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na maombi ya mifumo hupita mezani miezi kadhaa kabla. Waheshimiwa madiwani wa Nkasi, na wenzenu wa Kalambo mnaopakana na ziwa hilihili, mkiletewa mkataba wa mfumo wa mtandaoni msikubali kuonyeshwa picha za skrini peke yake. Daini modeli iliyoandikwa kwa Kiswahili, iwe mali ya halmashauri, iwe katika faili ambalo afisa wenu wa TEHAMA anaweza kulibadilisha bila kumpigia simu mkandarasi, na kabla ya kusaini ibandikwe mwaloni kwa muda wa kutosha watu waisome na kuisahihisha. Kisha ulizeni swali moja kwa sauti: siku ziwa likifungwa, mkusanya takwimu wa Kirando ataandika nini?